Jifunze klachi kwanza, gari utakalonunua ni jambo jingine

Binti wa dada yangu alikuja nyumbani Mtongwe, hapa Mombasa, Jumapili, ametoka kuulizia bei ya masomo ya udereva. Karani amemwambia achukue ya otomatiki, isiyo na kanyagio la klachi, lile la kushoto linalotenganisha injini na gia; ni rahisi na anamaliza upesi. "Mjomba, si manuali inakwisha? Nijisumbue ya nini?" Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa nyumba ilikuwa na wageni. Jibu refu ni hili, nalo ni kwa kila kijana anayesimama mbele ya kaunta kama ile.

Kwanza nikubali alichosema, kwa sababu ni kweli. Magari mengi tunayonunua hapa ni mitumba ya Japani inayoshushwa Kilindini, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Maana yake tunachoendesha leo ni kile Wajapani walichonunua kikiwa kipya miaka ile, na wao walishahamia otomatiki kitambo. Zunguka yadi yoyote ya mjini utazame kwenye vioo vya magari madogo: manuali ni moja moja, na hilo moja mara nyingi ni la mizigo.

Wazee walionifunza kazi walikuwa wakisema otomatiki inakunywa mafuta. Wakati wao walisema kweli. Zile za zamani zilikuwa na gia tatu au nne, na nguvu nyingine ilipotelea ndani ya oili inayounganisha injini na giaboksi. Siku hizi kuna za gia nane, hata kumi, na kompyuta inayochagua gia kwa hesabu ambayo mguu wangu hauwezi. Gari la umeme ndilo halina klachi kabisa. Mota yake ina nguvu tangu tairi linapoanza kuzunguka, haihitaji gia ya kwanza wala ya pili. Hyundai Ioniq 5 N imewekewa gia za kuigiza, na sauti juu yake, ili dereva asikie kama anabadilisha. Ukiona kitu kimeanza kuigizwa, jua chenyewe kinaondoka.

Hata malori. Volvo ilitoa giaboksi yake ya I-Shift, inayobadilisha gia yenyewe, mwaka 2001, na sasa malori ya aina hiyo yanapanda kutoka bandarini kwenda Malaba, mpakani na Uganda, dereva akiwa na pedali mbili tu. Kwa hiyo simdanganyi mtoto kwamba manuali itarudi.

Lakini yeye anaishi Mombasa ya leo, na anatafuta kazi leo. Tuktuk ina klachi, iko mkononi. Matatu nyingi za Likoni na Kisauni ni manuali. Kanta, yale malori madogo ya kubeba simiti, pikapu za samaki, za nazi, za mitungi ya gesi, nyingi ni manuali. Ukiwa na leseni ya B1, ambayo ni ya otomatiki pekee, na mwenye mali akakurushia ufunguo wa pikapu, utaurudisha. Aliyefuzu manuali anaendesha zote mbili. Hilo peke yake latosha.

Mimi nimebeba nazi kutoka Kaloleni kwa miaka kumi na minne, na somo langu la klachi nililipata kivukoni Likoni. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Maji yamekupwa sana, siku za bamvua, na maji yakikupwa ile njia ya kutokea kwenye feri inasimama kama paa la nyumba. Pikapu imejaa. Mbele yangu gari limesita, nyuma yangu kuna lori, na pembeni watu wanapita mamia kwa mamia, mama na mtoto mgongoni, kijana na mkokoteni. Badala ya kuvuta handibreki, niliishikilia pikapu pale mlimani kwa klachi, mguu nusu juu nusu chini, huku injini inanguruma. Kwanza kanyagio likaanza kutetemeka. Halafu ikaja harufu, kama ya kitambaa kilichounguzwa kwa pasi, kisha moshi mwembamba chini ya boneti. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea aliligonga bodi kwa kiganja akaniambia, "Vuta handibreki, mwanangu. Mguu ni wa kuondokea, si wa kusimamia."

Nikaivuta. Nikatulia. Nikaachia klachi polepole mpaka nikasikia inakamata: sauti ya injini inashuka kidogo na pua ya gari inainuka, kama punda anayekaza kabla ya kuvuta mkokoteni. Hapo nikaongeza mafuta, nikashusha handibreki, pikapu ikapanda bila kurudi hata inchi. Tangu siku hiyo sijamgongesha mtu wala kuunguza klachi. Nikikaa na mwanafunzi, pale inapokamata ndipo ninapompeleka kwanza, kabla ya usukani, kabla ya kila kitu. Avue kandambili, avae kiatu cha soli nyembamba, afanye mara hamsini kwenye kiwanja kitupu bila kugusa mafuta.

Jambo jingine ambalo otomatiki haikufunzi vizuri ni kushuka. Ukitoka Rabai au Mazeras na mzigo, ukategemea breki peke yake, zitapata moto na zitaanza kukukataa. Shusha gia, iache injini ilishike gari. Otomatiki nayo ina L au 2 kwenye fimbo kwa kazi hiyohiyo, lakini nimepanda na madereva wa miaka mingi ambao hawajawahi kuigusa. Aliyejifunza manuali anajua ni ya nini.

Sasa kununua. Hapa nabadili kauli, na wenzangu wa gereji ya Magongo hawapendi nikisema. Kama gari ni la kwenda kazini na kurudi, msongamano wa Buxton asubuhi, wa daraja la Nyali jioni, nunua otomatiki. Mguu wa kushoto una haki yake ya kupumzika. Manuali nunua kama ni ya mzigo, au kama unaipenda kwa moyo, na ujue siku ya kuiuza itakaa sana kabla ya kupata mteja.

Ukiipata ya mtumba, ipime klachi hivi: simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handibreki barabara, tia gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izimike palepale. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha, na hiyo ni hoja ya kushusha bei. Fundi akishashusha giaboksi, badilisha vyote vitatu kwa pamoja, klachi pleti, presha pleti na beringi, kwa sababu gharama kubwa iko kwenye kuishusha ile giaboksi, nawe hutaki kuilipia mara mbili.

Kwa otomatiki, uliza oili. Ndugu yangu mmoja aliletewa gari zuri lenye giaboksi ya CVT, ile inayotumia mkanda na puli mbili badala ya meno ya gia. Fundi mmoja akamwagia oili ya otomatiki ya kawaida. Mkanda ule unahitaji oili yake maalumu ili ushike puli bila kuteleza. Haikufika mwaka, gari likawa linalia likipanda kilima, kisha likagoma kabisa. Soma kitabu cha gari, nunua oili iliyoandikwa humo, simama hapo fundi anapoimimina.

Binti amekubali. Ameandikisha manuali, na kabla shule haijaanza tumepanga Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawaka, kwenye kiwanja cha nyuma ya msikiti. Pikapu itakuwa tupu. Nimemwambia asilete simu, alete viatu.