Kupanda treni kwenye stesheni isiyo na mhudumu

Kwa mama ni huku kati ya Kaliua na Uvinza, kwenye kistesheni ambacho jengo lipo ila mtu hayupo. Dirisha la tiketi limepigiwa mbao, choo kimefungwa, bomba halina maji. Kivuli kipo cha kutosha, maana miembe ni mingi. Wageni wakinipigia simu kuuliza watapandaje treni pale, huwa nawaambia haya.

Tiketi ukate mapema, ukiwa Tabora au Kigoma mjini. Ukishindwa, ukipanda tu mtafute mkaguzi mwenyewe, usingoje akukute umekaa. Ukimfuata, mnaongea vizuri; akikukuta, ni kelele mbele ya behewa zima.

Saa ya kwenye ratiba usiitegemee sana. Kuanzia Tabora kwenda Kigoma, kilomita 411, reli ni njia moja, kwa hiyo treni zinapishana stesheni tu. Sisi humpigia mtu aliyemo ndani atuambie wamefika wapi. Ukifika stesheni, angalia njia ya pili, ile ya kupishania. Ukiona treni ya mizigo imesimama pale inangoja, tulia, ya abiria ikifika nayo huenda ikakaa kidogo. Njia ya pili ikiwa tupu, jiandae: itasimama, itapiga honi, itaondoka.

Linalowasumbua wengi ni jukwaa. Ni fupi kuliko treni, na daraja la tatu mara nyingi linaishia kwenye kokoto. Kutoka chini hadi ngazi ya kwanza ni usawa wa kiuno changu, na mimi si mfupi. Mama mwenye kitenge kilichobana hapo hapandi bila kushikwa mkono. Waulize wenyeji wanaouza mihogo na karanga. Wanajua kila behewa linaposimama, kwa sababu biashara yao iko kwenye yale madirisha. Kisha mmoja wenu atangulie mikono mitupu, apokee watoto, halafu mizigo.

Usiku beba tochi yako, simu utaihitaji kwa mawasiliano. Na usikatishe katikati ya reli kufuata njia ya mkato: vyoo vya mabehewa ya zamani humwaga chini, na wapo wasiosikia kwamba havitumiwi treni ikiwa imesimama.

Gunia la mchele usilipandishe peke yako. Vijana wako pale pale, patana nao bei kabla honi haijalia.