Kaseti mpya ya gemu ikigoma, isome skrini kabla ya kushika pasi

Kaseti za Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo, zinatengenezwa upya siku hizi, hata hapa Kampala. Mtu anaagiza bodi tupu kutoka China, anachoma gemu kwenye chipu, analehemu, anabandika lebo iliyochapwa Nasser Road, kazi inapendeza. Anaichomeka: skrini nyeusi. Hapo wengi hukimbilia pasi ya kulehemu na kuanza kung'oa chipu. Tafadhali, msifanye hivyo. Kaseti ikiharibika utatengeneza nyingine, lakini mashine yenyewe ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983 na uzalishaji wake ukakoma 2003. Tunayoiua leo haina mbadala.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni unene wa bodi, na hupimwa kabla hujachomeka chochote. Bodi za asili zina milimita 1.2. Kiwanda usipokiambia neno kitakupa 1.6. Itaingia, ndiyo, kwa kusukumwa, na kila ikiingia inazitanua pini za ndani ya mashine, mpaka hata kaseti za zamani zinaanza kusuasua. Mimi bodi ya 1.6 siilazimishi kwenye mashine ya mtu hata anibembeleze vipi. Ukiagiza, taja 1.2, meno (zile pini bapa za ukingoni mwa bodi) yapakwe dhahabu, na ukingo uchongwe mshazari.

Umeme nao uuangalie mapema. Adapta iliyokuja na Famicom ya Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye 240 zetu umeiunguza. Tafuta adapta ya volti 9 au 10 za DC, yenye hasi katikati ya plagi. Mashine za kuiga zina mipangilio yake, basi soma maandishi yaliyo mgongoni mwake. Kisha pima kwa mita kati ya pini 30 na pini 16 ya kaseti huku mashine ikiwa imewashwa. Unataka volti 5. Zikishuka chini ya 4.75, usiilaumu kaseti bado.

Sasa tazama skrini. Kaseti ya kawaida ina chipu mbili: moja ya programu, moja ya picha. Muziki ukilia na vitufe vikiitika, ila herufi zimekuwa takataka, programu ni nzima. Shida iko upande wa picha. Sogea karibu na TV. Ukiona mstari wa wima unaojirudia mahali palepale ndani ya kila herufi, waya mmoja wa data wa chipu ya picha haujashika au umegusana na jirani yake. Ukiona vipande vizima vimehama mahali pake, tafuta kwenye nyaya za anwani. Na kama picha ni safi mpaka mandhari ianze kusogea, ndipo uchafu utokee pembeni, angalia vile vituo viwili vya H na V kwenye bodi, vinavyochagua jinsi mandhari inavyopangwa: umelehemu kisichofaa gemu lako.

Skrini ikibaki tupu kabisa, nashuku faili kabla ya lehemu. Faili ya gemu huanza na kichwa cha baiti 16 ambacho ni cha kompyuta tu. Kiondoe, kisha tenganisha programu na picha. Halafu kuna hili linalowasumbua wengi: gemu la kilobaiti 16 kwenye chipu ya 32 liandikwe mara mbili, kwa sababu prosesa inatafuta mahali pa kuanzia mwishoni kabisa mwa anwani. Ukijaza nusu ya kwanza pekee, inakuta patupu.

Kijana mmoja wa Bombo aliniletea gemu aliloliandika mwenyewe, picha safi, sauti hakuna. "Fundi, labda muziki ndio niliukosea?" Nikaweka ncha za mita kwenye pini 45 na 46, mita haikulia. Sauti ya Famicom huingia ndani ya kaseti kwa pini 45 na kurudi kwa pini 46 ndipo iende kwenye TV, ili kaseti yenye chipu ya sauti iongeze yake. NES ya pini 72, yaani toleo la Famicom lililouzwa Marekani na Ulaya, haina mzunguko huo, na bodi ya kijana ilichorwa kwa kufuata NES. Tone la risasi kati ya njia hizo mbili, juu ya meno ili lisiingie kwenye soketi, na wimbo wake ukalia. Alinyamaza akausikiliza mpaka ukaanza upya.

Gemu linalowaka vizuri kisha likaganda, mara nyingi linadai kapasita. Weka ile ndogo iliyoandikwa 104 (nanofaradi 100) karibu na kila chipu. Tazama pia kama chipu yako ni ya volti 3.3, isiunganishwe moja kwa moja na mashine ya volti 5, hata kama leo inacheza. Meno yasafishe kwa spiriti ya isopropili, maana mabaki ya fluksi ya kulehemu yananasa vumbi. Usiyapulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu.

Ukishapitia yote hayo na bado inagoma, iazimie mashine nyingine. Mashine nyingi za kuiga huzikataa kaseti zenye chipu tata za kupanga kumbukumbu kama MMC5 ya Nintendo, na kaseti hiyohiyo ikawaka bila shida kwenye Famicom halisi.