Gofu London bila uanachama

Umeuliza kama mgeni anaweza kucheza gofu London bila kuwa mwanachama. Anaweza, kaka. Anzia Richmond Park: ni pa umma, kuna viwanja viwili vya mashimo 18, Prince's na Duke's, vya tangu miaka ya 1920. Unaweka nafasi, unalipa, unacheza. Wimbledon Common nako wageni hupokewa, ila lazima uvae shati au fulana nyekundu ili wanaotembeza mbwa humohumo wakuone (usicheke, ndiyo sheria yao). Sunningdale, klabu binafsi nje kidogo ya London, ni habari nyingine: nenda siku ya kazi, uwe umeweka nafasi mapema na una hendikapu (alama ya kiwango chako cha uchezaji) inayotambulika, na mfuko uwe mzito. Wentworth, klabu nyingine binafsi nje ya London, kama huna mwanachama wa kukualika, sahau.