Muuza duka anapoingia barazani

SWALI: Nina duka la rejareja na nimeshinda udiwani. Tangu nitangazwe, kila anayeingia anataka bidhaa bure au kwa mkopo kwa kuwa "sasa wewe ni kiongozi wetu". Nikikataa, naambiwa nimebadilika. Nifanyeje?

JIBU: Hongera, ndugu. Piga hesabu kwanza. Tuseme bidhaa unainunua kwa 90 na kuiuza kwa 100. Ukiitoa bure moja, faida ya tisa utakazouza baadaye inakwenda kuziba pengo hilo, na bado hujalipa pango wala mshahara wa msaidizi. Ndiyo maana duka la mheshimiwa huweza kufa huku mlango umejaa watu: rafu zinapungua, droo haina pesa ya kurudishia mzigo.

Jioni moja funga mapema, uhesabu mzigo wote kwa bei ya kununulia. Kisha pigia mstari daftari la madeni: salio la kila mdeni liandikwe, naye atie sahihi. Mikopo mipya ianze ukurasa mpya, yenye kikomo kwa kila mtu. Misaada itengee fungu la mwezi kutoka kwenye posho yako, kamwe si kutoka rafuni. Likiisha tarehe 10, limeisha. Msaidizi wako alijue hilo vizuri, maana ukiwa kikaoni watamwendea yeye. Kila kinachotoka kiandikwe siku hiyohiyo, hata kibiriti kimoja.

Wanaokudai bidhaa za jumla nao hawatakusamehe kwa sababu ya cheo. Harry Truman, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alifungua duka la nguo za kiume na mwenzake mwaka 1919. Lilikufa 1922, mwaka uleule alipochaguliwa kuingia uongozi wa kaunti, na madeni yake aliendelea kuyalipa kwa miaka mingi akiwa madarakani.

SWALI: Baraza linataka kununua vifaa ninavyouza. Naweza kuomba zabuni?

JIBU: Soma kanuni za baraza lako, kwingine ni marufuku kabisa. Panaporuhusiwa, tangaza maslahi yako kwa maandishi kabla ajenda haijafunguliwa, utoke ukumbini, na muhtasari uonyeshe saa uliyotoka na uliyorudi. Kuandikisha duka kwa jina la mke au mume hakufuti maslahi hayo.

Jihadhari zaidi na manunuzi madogo yasiyopitia zabuni. Karani humtuma mtu dukani kwako kwa mazoea tu, na risiti yenye jina lako ikabaki kwenye jalada hadi mkaguzi aikute. Mwandikie mtendaji wa baraza barua kwamba duka lako lisitumike kwa manunuzi hayo, na nakala uitunze.