Boti ya faiba imekuwa nzito, tezi (sehemu ya nyuma) inavuja maji

Ndugu yangu, ikiwa boti ya futi 14 imezidi uzito na skrubu za tezi zinadondosha maji hata baada ya siku mbili juu ya mchanga wa Tudor, Mombasa, foamu ya ndani (povu gumu la kuielesha boti) imelowa. Kila lita ya maji ni kilo moja, basi usitegemee ielee ikipinduka.

Inua omo (mbele ya boti), toboa tundu la milimita 6 chini kabisa karibu na tezi, maji yatoke. Foamu yenyewe haikauki kwa tundu, hata kwa jua la kaskazi. Kata sakafu, ng'oa yote iliyolowa, suuza chumvi kwa maji matamu, acha boti ikauke kabisa. Foamu mpya ya kuchanganya imimine kidogo kidogo, la sivyo inavimba na kupasua faiba. Moshi wake ni hatari kwa mapafu, vaa barakoa ya kemikali. Matundu ya skrubu ziba kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya). Ubao wa tezi ukibonyea, usifunge mashine kabla fundi wa faiba hajauona.