Kabla hujasimama kwenye semina ya idara, niulize mimi Bwana Ukuta

Juzi usiku dada mmoja anayesoma uzamili kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepangiwa semina ya hisabati tumizi wiki ijayo. Naogopa maswali. Nifanyeje?"

Marahaba. Nilianza kucheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Nimeikumbuka Alhamisi ile.

Semina zetu zilikuwa saa nane mchana, watu wametoka kula, feni inazunguka kwa kujivuta. Dakika 40 za kuzungumza, 20 za maswali. Zamu yangu nilikuja na mlinganyo wa joto: namna joto linavyopenya ukuta wa tofali. Unakata ukuta vipande, unakata na muda vipande, kompyuta inapata joto la kila nukta kutokana na nukta jirani zake. Nukta zangu zilipishana kwa 0.1, hatua ya muda 0.004. Wiki nzima mchoro ulitoka vizuri, tatizo vikona vikona. Asubuhi ya siku yenyewe nikavionea aibu, nikapunguza nafasi ya nukta iwe 0.05 ili mstari ulainike. Muda sikuugusa. Kujaribu sikujaribu: umeme ulikatika, na betri nilikuwa naitunzia ukumbini.

Nikabonyeza mbele ya watu.

Mstari ukaota meno ya msumeno. Kila hatua meno yanarefuka, namba za pembeni zimeshafika mabilioni. Profesa mmoja wa viti vya mbele, ambaye niliapa amelala, akafungua macho: "Kijana, hiyo nyumba imejengwa ndani ya jua?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alicheka hata mwenzangu niliyekesha naye kumrekebishia kazi yake wiki moja kabla (simtaji, anajijua). Miaka sita sasa naitwa Bwana Ukuta.

Kosa lenyewe ni la aibu. Kwa vipimo nilivyotumia, unagawa hatua ya muda kwa mraba wa nafasi ya nukta, na jibu lisizidi nusu. Mwanzo nilikuwa na 0.4, salama. Nilipokata nafasi katikati, ikaruka hadi 1.6. Hapo kosa dogo linaweza kuzidishwa hadi karibu mara 5.4 kwa kila hatua, huku likigeuza alama, chanya, hasi, chanya. Ndiyo yale meno. Ukikata nafasi mara mbili, muda ukate mara nne. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy waliandika tangu 1928 kwamba hatua hizi mbili, ya nafasi na ya muda, haziachwi kila moja ijiendee zake, na kompyuta za elektroniki hazikuwepo. Mimi nilikuwa nayo mapajani. Ningetumia hata njia ya Crank na Nicolson ya 1947, isiyolipuka hata hatua ya muda ikiwa kubwa, ukuta usingelipuka.

Msimamizi wangu hakusema neno. Alinipa sambusa moja na soda, akaondoka. Afadhali angenigombeza.

Basi dada, jaribu programu yako. Ijaribu kwenye laptop utakayotumia, na ukibadilisha namba moja, hata moja, ijaribu tena. Pili, nenda kwenye semina za wenzako, hata za mada usizozielewa. Mimi nilikuwa nazikwepa, nafika wakati wa sambusa. Laiti ningehudhuria ningejua yule profesa huwa halali, anafumba macho ili asikilize. Na swali usilolijua, sema hulijui. Vijana tumezoea kununua heshima kwa slaidi za rangi na michoro laini, tukiulizwa mstari umetokea wapi tunaanza kumtafuta msimamizi kwa macho. Acheni hiyo. Mchoro wenye vikona lakini wa kweli ungenitosha kabisa siku ile. Na nimesema jaribu programu? Ijaribu.

Mwezi uliopita nilialikwa ukumbi uleule, sasa kama mgeni. Slaidi 12 tu. Profesa alifumba macho kama kawaida yake, mwishoni akauliza kuhusu hatua ya muda. Nikamjibu kabla hajamaliza swali. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, lakini aliandika, na yule mwenzangu alikuwepo akaona.

Siku yako nitakuja, dada. Nitakaa mbele, na nitakuuliza hatua ya muda umeigawa kwa kitu gani.