Kata mlima, usikate siku (kwa anayetaka kwenda Everest Base Camp na siku 12 mkononi)

Mkuu, futa hiyo ratiba. Uzi wako wa kuomba ushauri wa kwenda Everest Base Camp, kambi iliyo chini ya mlima Everest kule Nepal, upate misitu, vijiji na watawa kwa siku 12, sikuumaliza kwa pumzi moja. Nimeishia pale ulipoandika "siku ya tatu Tengboche, siku ya tano Lobuche, siku ya sita Base Camp, mapumziko hatuyahitaji maana mimi na mke wangu tulishafika Uhuru", nikainuka kwenda kunywa maji. Ratiba hiyo naijua. Ni yangu ya Oktoba 2022, kituo kwa kituo, na nilirudi nayo Kathmandu nimelazwa kwenye sakafu ya helikopta kama gunia la viazi.

Hilo neno la "tulishafika Uhuru", kilele cha Kilimanjaro, ndilo lililoniponza. Safari niliuziwa na dalali mmoja wa Moshi. Simtaji, bado namdai. Kilimanjaro alikuwa ameipanda mara nyingi kweli, hilo silikatai. Nepal hakuwahi kuikanyaga, hilo nimekuja kulijua nikiwa nimeshalipa. Nilimwonyesha ratiba ya wenyeji wa Kathmandu, ya kulala mara mbili Namche na mara mbili Dingboche, vijiji vya njiani, akacheka mpaka akashika meza. "Kaka, hizo ni siku za wazungu wa maofisini. Wewe mtu wa mlima. Namche ulale mara mbili, unanunua nini?" Akakata siku mbili, akashusha bei, nami nikamwona bingwa. Upande wa mama mimi ni Mchaga, basi kichwa kikavimba palepale.

Sasa nisikilize, maana hili hakuna aliyenieleza. Kilimanjaro kwa njia ya Marangu unalala Mandara mita 2,720, kisha Horombo mita 3,720, kisha Kibo kwenye mita 4,700 na kidogo, na Kibo wala hulali, unajinyoosha tu. Karibu saa sita usiku mnaondoka, asubuhi mko Uhuru mita 5,895, jioni ileile uko Horombo na bakuli la supu. Umeuibia mlima ukakimbia. Mwili unakuja kushtuka umeshashuka. Kule Khumbu, eneo la Everest, hakuna kukimbia. Unalala juu, unaamka juu, unakwenda juu zaidi, siku baada ya siku, na kushuka nako ni safari ya siku kadhaa. Base Camp ina mita 5,364, chini ya Uhuru, na namba hiyo ndiyo iliyonilaghai. Usiangalie unapofika, angalia unapolala.

Siku ya kwanza nilitua Lukla mita 2,860, nikalala Phakding. Siku ya pili Namche, mita 3,440. Asubuhi ya tatu wageni wenzangu pale loji walikuwa wanapanda kilimani kutazama mandhari, halafu warudi kulala palepale. Nikawapungia mkono nikapita. Mwongozaji wangu, kijana wa Kisherpa, alikuwa akiniambia "bistari, bistari". Maana yake ni polepole, hilohilo tunalowaimbia wageni kule kwetu. Nikamjibu kwa madaha kwamba neno hilo sisi ndio wenyewe, nikaongeza mwendo.

Njia inateremka hadi mtoni Phunki Tenga, unavuka daraja linaloning'inia, kisha unapanda kama mita 600 hadi Tengboche ndani ya msitu wa misonobari, mireteni na laliguras, ule mti ambao mwezi Machi na Aprili unawaka maua mekundu. Huo ndio msitu unaoutaka wewe. Danphe, yule ndege wao wa taifa anayeng'aa rangi zote, alikatiza mbele yetu. Kijana akafurahi kama kaokota hela. Mimi nilinuna, maana kila nikisimama kichwa kilikuwa kinagonga.

Umesema shemeji anataka kusikia watawa wakisali Tengboche, mita 3,867. Mimi niliwasikia. Nilikuwa kitandani, zile baragumu ndefu zikilia upande wa pili wa uwanja, nami naomba kimoyomoyo zinyamaze. Hekalu lile lilianzishwa mwaka 1916, likaangushwa na tetemeko la 1934, likaungua 1989 kwa hitilafu ya umeme, na kila mara limejengwa tena. Mimi nimetoka Dar mpaka mlangoni pake na nikashindwa kuvuka uwanja. Kijana akaniuliza, "Kichwa kinauma?" Nikasema hapana. Katika uongo wote niliowahi kusema, ule ndio ulionigharimu zaidi, na nimeshawahi kuwa kwenye ndoa mbili.

Dingboche, mita 4,410, sikula. Waliniletea dal bhat, wali na dengu na mboga, chakula ambacho kikiisha unaongezewa bure, nikakiangalia kama hati ya mashtaka. Kesho yake ilikuwa siku ya kupumzika kwa kila mwenye akili. Mimi nikaenda Lobuche, mita 4,940. Juu ya Thukla unapita katikati ya minara ya mawe ya kuwakumbuka waliokufa milimani kule. Nikapita bila kupata dokezo.

Usiku ule kifua kilianza kuchemka kama sufuria ya maharage. Nikilala, pumzi haipatikani. Nikikaa, nakohoa. Kijana akaniamuru nitembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Nilitembea kama mtu aliyetoka kilabuni mwisho wa mwezi. Hakubishana na mimi. Akawaamsha wapagazi wawili, wakanishika huku na huku, tukashuka gizani kwa tochi zaidi ya mita 500 hadi Pheriche, kwenye zahanati ya Himalayan Rescue Association, chama cha uokoaji cha kule. Mapafu yalikuwa yameanza kujaa maji. Nikawekewa oksijeni. Zahanati hiyo iko pale tangu 1973, na katika msimu madaktari wake huwapa wasafiri somo la hatari za mwinuko alasiri, bila kudai senti. Ningepumzika siku ile ningelihudhuria nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Halafu bima. Dalali huyohuyo ndiye aliyenikatia. Kipengele kidogo ukurasa wa nne: matembezi ya milimani mwisho mita 3,000. Yaani ilikufa kabla sijaiona Namche! Helikopta hairuki mpaka ijulikane nani analipa. Ilikuwa dola 4,200, karibu shilingi milioni kumi kwa wakati ule. Kiwanja changu cha Kigamboni kikageuka dakika chache za kelele angani. Nilipompigia dalali, akaniambia, "Pole kaka, kila mwili na mlima wake." Kila mwili na mlima wake! Angeniandikia hiyo kwenye risiti kabla hajachukua hela. Nikamkumbusha kuhusu siku mbili alizokata, akasema ukipiga hesabu hakuna siku niliyoruka sana. Na kweli, kutoka Namche kila kituo ni kama mita 500 juu ya kilichotangulia. Alichokitoa ni zile siku za kulala palepale, ambazo mwili unazitumia kuzoea hewa yenye karibu nusu ya oksijeni ya Kariakoo.

Kwa hiyo kaa na hii: juu ya mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja mara mbili. Kichwa kikiuma hupandi. Kisipopoa unashuka. Siku hazitoshi? Kata mlima, usikate siku. Na usiniambie una mazoezi, nilikuwa nakimbia kilomita kumi kila Jumamosi. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari, inasaidia, ila haikupi leseni ya kukimbia.

Wewe una siku 12 pamoja na ndege za kutoka Dar. Base Camp haiingii humo, acha. Kwanza Lukla kwenyewe uwanja ni kipande cha mteremko chenye mita zipatazo 527, wingu likishuka hakuna ndege, leo wala kesho. Oktoba ndege nyingi hazitoki Kathmandu, zinatoka uwanja wa Ramechhap, unaamshwa usiku wa manane upande gari kwa muda wa saa nne au tano. Weka siku mbili za akiba kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Kinachobaki kinatosha Phakding, Namche mara mbili, Tengboche mara mbili, matembezi ya mchana hadi Pangboche kwenye hekalu la zamani kuliko hilo, na kurudi kupitia kijiji cha Khumjung. Misitu umepata, vijiji umepata, watawa shemeji amewapata. Na hili dalali wako hatakwambia: ukiwa Base Camp kilele cha Everest hukioni, kimefichwa na milima ya jirani. Tengboche unakiona, na mlima Ama Dablam uko hapo mbele yako. Watu wanauza viwanja kufuata mahali pasipoonekana kitu.

Kama hutaki kabisa mambo ya ndege ndogo, nenda Langtang. Unatoka Kathmandu kwa gari hadi Syabrubesi, unapanda msituni, vijiji vya Watamang, unamalizia Kyanjin Gompa mita 3,870. Ila hata huko kanuni ni ileile, usije ukaniletea "lakini ni chini".

Ukuta wa mawe yaliyochongwa sala upite ukiwa nao mkono wako wa kulia. Yaki akija na mzigo, wewe simama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo. Bima soma mita, usisome bei.

Uliuliza viatu: vaa ulivyovizoea. Viza nilipata palepale uwanjani Kathmandu, dola 50 kwa siku 30. Mfuko wa kulalia uliuliza nini vile? Na kamera gani ubebe sijui, mkuu. Picha zangu zote za kule juu ni tatu, zimepigwa kupitia dirisha la helikopta, na moja ni kiatu cha rubani.